Kamera Mbili za Marehemu Ebenezer

Theodora ni jirani yetu hapa Newala, nyumba ya tatu ukitokea kwenye tangi la maji lisilo na maji. Mimi si mtu wa kuamini-amini mambo. Ukiniambia mchawi kapita juu ya paa, nitakuuliza kwanza kama bati lililia. Lakini haya ya Theodora nayasimulia kama alivyonieleza yeye, maana kipande cha mwisho nimekiona kwa macho yangu mwenyewe.

Huyu mama ni mpiga picha. Harusi, kipaimara, mahafali ya shule, msiba, kote utamkuta. Mumewe, Lucian, alifariki kwa homa, na picha zake zote zilikuwa ndani ya simu moja, nayo simu ikazima isiwake tena. Mafundi wa Newala wakashindwa, wa Masasi wakashindwa. Asubuhi moja Theodora aliamka akajikuta hakumbuki pengo la jino la mumewe lilikuwa upande gani. Alilia siku ile kuliko siku ya mazishi. Akaapa kwamba Agnes, binti yake wa pekee, hatapotea hivyo. Agnes alikuwa aingie unyago likizo ya mwezi wa sita, na siku ya kutolewa nje angempiga kwa filamu, zile filamu pana za zamani, kitu cha kushika mkononi.

"Negativi haizimi," alituambia, na sisi tukamcheka kidogo.

Ndipo akashuka Masasi kwa Bi Veridiana, mjane wa Mzee Ebenezer aliyekuwa na studio pale miaka mingi. Watu wote walimwita Mama Grace, ingawa huyo Grace hakuna jirani aliyejua anaishi wapi. Theodora alidhani yuko Dar es Salaam, kama watoto wa watu wengi.

"Shikamoo, Mama Grace."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, chagua. Moja unachukua, moja inabaki."

Juu ya meza alikuwa ametandika khanga, na juu ya khanga kamera mbili. Ya kwanza ilikuwa ya macho mawili, jicho juu ya jicho: la juu la kutazamia, la chini la kuchukulia. Unaishika kifuani na kuinamisha kichwa, na wazee huipenda, maana mpiga picha anaonekana kama anawaamkia. Nyepesi, haina kelele. Lakini kuvu lilikuwa limetanda ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na gurudumu la fokasi lilikuwa linateleza.

Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali, jicho moja. Ndani ina kioo kinachokuonyesha kile kile ambacho filamu itakiona, hakuna kubahatisha. Ukibonyeza, kioo kinapanda na dirisha la kutazamia linakuwa giza, linabaki giza mpaka uzungushe mkono wa pembeni kuvuta filamu. Theodora akaimulika lenzi yake kwa tochi ya simu. Hata chembe ya vumbi hakuna.

"Mbona hii haina kuvu, na zote zimekaa kabati moja?"

"Ile ya macho mawili aliwapigia walio hai," alisema Bi Veridiana. "Hii nyeusi ilikuwa ya misiba, jeneza likifunguliwa watu waage. Aliyekufa hapumulii kioo, mwanangu."

Akaeleza kwamba marehemu hakuwahi kuzichanganya, kama vile beseni la kuoshea maiti halirudi jikoni. Na ile nyeusi, akishabonyeza msibani, hakuizungusha mpaka kaburi lifukiwe. Theodora aliichukulia kuwa ni adabu tu. Kamera zile zikizungushwa zinakwaruza, na nani anataka mkwaruzo juu ya jeneza la mtu?

Akaiinua ile nyeusi, akachungulia dirishani. Giza. Ilikuwa imebonyezwa, haijazungushwa. Akapeleka kidole kwenye mkono wa pembeni, na Bi Veridiana akamdaka kiganja.

"Usizungushie hapa. Kazungushie kwako."

"Kuna nini ndani?"

"Picha ya zamani. Sitaki kuisikia ikipita."

Mpiga picha yeyote angefikiri alivyofikiri Theodora. Kamera yake ya siku zote alipigia maharusi na maiti, na hakuna bibi harusi aliyekufa kwa hilo. Chuma ni chuma. Kwa lenzi yenye kuvu, uso wa Agnes ungetoka kama uko ndani ya chandarua. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walisema wahenga, lakini nani hukumbuka methali akiwa ameshika kitu anachokitaka? Akachagua nyeusi. Bi Veridiana akaifunga kwa khanga, akamkabidhi huku analia. Theodora akadhani anamlilia mumewe.

Kesho yake asubuhi alikaa barazani akaizungusha. Mkono ulikuwa mgumu, kisha ukakubali kwa mkwaruzo mmoja. Filamu ya ndani ilikuwa imeoza, ikakatika, akaitoa akaitupa, akatia mpya aliyoletewa kutoka Dar. Kioo kikashuka. Dirisha likajaa mwanga wa uani, na kuku, na kamba ya nguo, vyote vimekaa sawasawa. Alifurahi sana.

Siku wali wa unyago walipotolewa nje, ukungu uliondoka mapema. Ngoma, vigelegele, wamama wamevaa sare. Agnes alisimama juu ya mkeka na kitenge kipya, amepakwa mafuta mabegani mpaka anang'aa, macho chini kama mwali anavyofundishwa. Kungwi wake, Bibi Yasinta, akasogea pembeni kupisha.

"Nitazame, mama," alisema Theodora.

Agnes akainua macho. Theodora akabonyeza. Kioo kikapanda. Giza.

Hakuizungusha. Ngoma ilibadilika wakati ule ule, wali wengine wakaanza kucheza, naye akainua kichwa amwone wake akicheza. Agnes hakucheza. Alikuwa amesimama vile vile. Macho juu. Wenzake walikuwa wanampita huku na huku. Bibi Yasinta akamgusa bega, akamwita. Akamwita tena. Mtoto akageuka polepole, kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya bonde.

"Abee," akasema.

Watu wakacheka, wakasema mwali ana haya. Bibi Yasinta hakucheka. Alikuwa anakitazama kiganja chake. Kilikuwa kimeshika bega lenye mafuta, na kilikuwa kikavu.

Wiki ile Theodora alimwogesha mwanawe kwa sabuni. Newala, unajua, maji ya kuoga ni ya kusaka, na yeye alimaliza ndoo mbili. Maji yaliteleza kama juu ya jani la mgomba. Mafuta yakabaki yaking'aa. Kucha za mtoto hazikuongezeka. Nywele alizosukwa siku ile hazikufumuka hata unywele mmoja. Akiambiwa ale, anakula. Asipoambiwa, hadai. Wakaenda hospitali ya misheni, Ndanda, wakampima kila kitu, akaonekana mzima. Muuguzi aliuliza jambo moja tu.

"Umempaka mafuta sasa hivi, mama?"

Theodora akajibu ndiyo. Alidanganya kwa woga.

Walipotoka pale alimrudisha Agnes Newala kwa Bibi Yasinta, kisha yeye akashuka Masasi. Alimkuta Bi Veridiana nyuma ya nyumba, amejifunga kaniki, amekaa kando ya kaburi. Kaburi lenyewe lilikuwa fupi. Udongo ulikuwa bado mwekundu, na kwenye msalaba wa mbao wameandika GRACE.

"Pole, Mama Grace," alisema Theodora, na sauti yake hakuitambua. "Alikuwa na umri gani?"

"Angekuwa na miaka arobaini na kitu." Bi Veridiana akafuta udongo kwenye msalaba. "Alikuwa na minane."

Akaeleza kwa kunong'ona. Mzee Ebenezer alikuwa ametoka kuzika, kamera nyeusi iko shingoni, na mtoto anatoka shule mbio kumpokea. Baba akasahau kamera aliyovaa ni ipi. Akabonyeza. Tangu siku ile Grace alikaa chumba cha ndani, jasho la mbio halikauki puani, kimo hakiongezeki. Kumtoa nje haikuwezekana, watu wangesema wamemfuga ndondosha, maiti aliyeibwa na wachawi ili awalimie mikorosho. Ebenezer alijua kwamba kuzungusha ni kuzika. Hakuzungusha mpaka akafa yeye.

"Na mimi ningezungushaje?" alisema Bi Veridiana. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

"Ukanipa mimi."

"Nilikuambia ni ya misiba. Nikaweka na ile nyingine mezani. Ulichagua mwenyewe." Akakung'uta udongo mikononi. "Asubuhi ya kesho yake Grace alivuta pumzi moja ndefu, akalala. Mungu akubariki, mwanangu."

Theodora alitaka kumpiga yule bibi. Ananiambia mpaka leo mikono ilimwasha. Alimchukia, na papo hapo akajua kwamba yeye ndiye aliyemzika mtoto yule bila kumwona. Hakumpiga. Alimpigia magoti.

"Na nisipozungusha?"

"Atakaa nawe. Uso wake hautabadilika. Mwanzoni nilishukuru." Bi Veridiana hakumtazama. "Kisha akaanza kusema."

"Alisema nini?"

"Nimechoka kukimbia. Amelala kitandani, mwanangu, halafu anasema amechoka kukimbia."

Theodora alirudi akaifunga kamera ndani ya khanga, akaiweka juu ya kabati. Akamwachisha mtoto shule. Na lazima niseme, maana naye hakulificha: moyoni alikuwa na furaha fulani. Alikuwa anakaa saa nzima anautazama uso wa Agnes, kovu dogo la nyusini, mdomo wa baba yake. Uso ule haukwenda popote. Sisi majirani tulidhani binti ana ugonjwa wa damu, tukapeleka maembe na maneno ya kutia moyo. Msimu wa korosho ukafika. Wenzake wa unyago walikuwa wamerefuka, nguo zinawabana. Kitenge cha Agnes kilikuwa bado kipya.

Adhuhuri moja Theodora alikuwa kizingitini anabangua korosho. Agnes amelala kitandani.

"Mama."

"Unasemaje?"

"Nimechoka kusimama."

Theodora akaacha kubangua. Akageuka. Mtoto amelala chali, miguu imenyooka.

"Mbona umelala, Agnes?"

"Hapana, mama. Nimesimama. Huku giza. Nyuma yangu kuna watu wengi. Wananiambia nisogee wapite."

Hakusema zaidi siku ile. Kesho yake akarudia. Keshokutwa vile vile. Nimechoka kusimama, mama. Sauti haikuwa ya kulia wala ya kulaumu, ilikuwa ya mtoto aliyetumwa mbali na hajaambiwa arudi. Theodora alisali. Alikwenda kwa padri, akashindwa kuanza. Alimfuata Bibi Yasinta, akamweleza yote, na yule kungwi akamjibu neno moja.

"Unamshikilia kwa ajili yake, Mama Agnes, au kwa ajili yako?"

Siku iliyofuata, jua likiwa katikati, Theodora alifunga mlango. Akakaa kitandani, akamvuta Agnes mapajani, mtoto mkubwa vile, miguu inagusa sakafu. Akafungua khanga.

"Unazungusha?"

"Nazungusha, mwanangu."

"Haya. Nitazame."

Akamtazama. Akamtazama mpaka macho yakauma. Mkono wa kamera ulikuwa mgumu, kisha ukakubali. Mkwaruzo mmoja. Agnes akavuta pumzi ndefu, na kichwa chake kikawa kizito ghafla, na mafuta ya siku ile ya ngoma yakalowanisha gauni la mama yake kifuani kote.

Tulimzika Makote, kijijini kwao. Tuliambiwa ni homa, nasi tukaitikia. Gauni lile niliombwa mimi nilifue. Nililifua mara mbili na doa halikutoka.

Baada ya matanga Theodora aliisafisha filamu mwenyewe, chumbani, kwa maji aliyoyakusanya kidogo kidogo. Picha ilikuwa moja tu. Imetoka kali, kila kitu kinasomeka: ukuta, uzi wa mkeka, pindo la gauni la Bibi Yasinta. Agnes hayumo. Mkeka umebonyea kidogo mahali pawili, na kuanzia pale kivuli cha msichana kimelala chini, na mwenye kivuli hayupo. Aliikuza, akaitundika ukutani sebuleni.

Mimi niliiona mchana, nimepeleka ndizi. Kivuli kilikuwa kifupi, kimejikunja kwenye mkeka. Nikamwambia ni kosa la filamu, yale yale ya vitu vya zamani. Jioni nilirudi kuchukua sinia langu, nikaitupia jicho nikipita. Kivuli kilikuwa kirefu, kimevuka mkeka, kimefika ukutani.

Nilisimama pale. Mbishi mimi, nilisimama.

"Asubuhi hulala upande huu," alininong'oneza Theodora, akionyesha kwa kidole bila kugusa karatasi. "Jua likizama kinaondoka."

"Na siku ya mawingu?"

"Siku ya mawingu hakitoki kabisa."

Sasa anaamka kabla ya kucha, anavuta kigoda mbele ya picha, anakaa na kikombe cha chai mpaka mtoto atoke. Jua likiwepo utamkuta mchangamfu, anakusalimia kwanza yeye, anauliza habari za wanao. Lakini wewe unaijua Newala mwezi wa sita. Ukungu hupanda kutoka bondeni, unakaa hata siku tatu. Siku hizo tunagonga mlango wake, tunamwita Mama Agnes, naye hafungui.