Pikipiki Iliyojisogeza Kizuizini

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, watu wa mtaa wa Kawempe walikula mapema na kufunga milango mapema. Jioni hiyo Mwanawetu alimpakulia mumewe matoke na maharage. Bashir hakuyagusa.

"Baba Aminah, una nini?"

"Leo nimeponea chupuchupu."

Bashir alikuwa mtumishi wa serikali, mchanjaji wa ng'ombe. Wiki ile ofisi ilimpa pikipiki ya kupita kwenye matope na vichaka. Haikuwa na mkono wa klachi kama ile yake ya zamani. Unatia gia kwa mguu, unavuta mafuta kwa mkono wa kulia, inaondoka. Bashir aliifurahia mno, na furaha hiyo sasa ilikuwa inamtokea puani.

"Nilisimama kizuizini, Barabara ya Bombo," alisema kwa sauti ya chini. "Askari akaja mbele yangu. Pikipiki ikamwendea yenyewe, wallahi, ikamgonga goti. Akakoki bunduki. Akasema kwa Kiswahili chao cha kambini, 'Kesho kama hii nasogea tena, mimi napiga risasi.'"

"Pita njia nyingine."

"Ipi? Wako kila mahali. Na nisipoonekana kazini, watakuja kuniuliza najificha nini."

Mwanawetu akashika shavu. Alikuwa anaogopa sana. "Nenda kwa Bwana Faustino," alisema mwishowe.

Faustino alikuwa jirani yao, mtu wa kaskazini, fundi wa zamani wa magari ya polisi. Tangu watu wa kwao waanze kuchukuliwa na wanajeshi, aliishi na mapazia yamefungwa. Kuonekana naye kulikuwa hatari. Bashir alijua hayo yote, lakini alikwenda, akiisukuma pikipiki bila kuiwasha.

"Ingiza ndani upesi," Faustino alisema, akafunga mlango. Alisikiliza kisa chote. Kisha akauliza, "Ukisimama kizuizini, mafuta unayafanyaje?"

"Navuta kidogo, injini isizime. Petroli ya magendo wanaichanganya na mafuta ya taa. Tena nimekaza skrubu ya kabureta ili injini izunguke kwa kasi."

"Na gia?"

"Naiacha imeingia, niweze kuondoka haraka."

"Basi bwana, ni wewe unayeituma iende."

"Mimi? Haina hata klachi!"

"Klachi ipo, ila iko ndani. Hebu simama hapo, legeza mikono, ujizungushe."

Bashir alijizungusha taratibu, akijiona kama mtoto.

"Ongeza."

Akaongeza. Mikono ikainuka yenyewe, vidole vikagonga kabati.

"Umeona? Ndani ya injini kuna vyuma vizito vinavyozunguka hivyo hivyo. Injini ikienda polepole, springi zinavizuia, havigusi kitu. Ikienda mbio, vinatanuka, vinabana ngoma ya chuma iliyovizunguka. Ngoma ikibanwa na gia ikiwa imeingia, gurudumu linazunguka. Klachi hii haijui unataka kwenda wapi. Inajua kasi ya injini tu."

"Ile ya zamani nilikuwa navuta mafuta na haiendi."

"Kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa umeshika klachi. Hapa hakuna cha kushika."

Faustino alimwaga petroli ile mbaya, akasafisha kabureta, akatia petroli safi kidogo aliyokuwa nayo. Akawasha injini, akalegeza skrubu mpaka ikanguruma kwa upole. Alitia gia. Gurudumu likabaki limetulia.

Mara gari likasikika nje. Faustino alizima injini papo hapo. Gari likapunguza mwendo, kisha likaendelea na safari yake.

"Ukikaribia kizuizi, toa gia, weka frii," Faustino alinong'ona, jasho likimtoka. "Ukiwa frii, hata ukivuta mafuta haiendi. Sasa nenda nyumbani."

Asubuhi Bashir alimwona kizuizini askari yule yule. Akapunguza mwendo, akaweka frii, akasimama.

"Leo wewe nagonga mimi tena?" Mtutu wa bunduki ulimgusa kifua.

Bashir alijikaza kisabuni, lakini mkono ulimtetemeka, ukavuta mafuta. Injini ikanguruma kwa nguvu. Askari akaruka nyuma, akakoki bunduki. Bashir akafumba macho.

Pikipiki haikusogea.

Aliinua mikono yote miwili juu. Injini ikapungua kasi, ikaendelea kunguruma kwa upole. Askari alitazama gurudumu, kisha akamtazama usoni.

"Wewe naogopa?"

"Ndiyo, afande."

Askari akacheka. "Pita."

Huko kwenye zizi alimkuta mchanjaji mwenzake, Mugisho, aliyepewa pikipiki kama ile. Kabla hata ya kufungua sindano, Bashir alimweleza habari ya vile vyuma, ya skrubu na ya frii, na jinsi mkono ulivyomtetemeka mbele ya mtutu.

Mugisho alitabasamu. "Mimi sina shida. Mkono wangu hautetemeki."

Bashir hakutabasamu. "Utatetemeka," alisema. "Weka frii."