Kinong'onezi cha Nyamizi

Vijana watatu waliopanda jukwaani alasiri ile jijini Mwanza hawakuwa waimbaji. Mmoja alikuwa fundi bomba, wawili walitengeneza roboti za bandarini. Lakini Holo Masanja alipoanza wimbo, walimwitikia kwa sauti ya pili, ya tatu na ya nne, zikapangana hata wazee waliokuja wamenuna wakaanza kutikisa vichwa.

Siri ilikuwa masikioni mwao. Kila mmoja alivaa kinong'onezi, kifaa kidogo kama punje ya mtama, kilichomnong'oneza noti yake nusu sekunde kabla ya kuiimba. Kilifanya na jambo jingine, ambalo mhandisi Nyamizi, mdogo wake Holo, alijivunia kuliko yote: kilichuja sauti ya kwanza, ile ya kiongozi, mwitikiaji asiisikie kabisa. Tangu utotoni, kila dada yake alipomfundisha sauti ya pili jikoni wakiosha vyombo, Nyamizi alishika vizuri mistari miwili, kisha akavutwa na kujikuta anaimba sauti ileile ya Holo.

"Umenifuata tena," Holo alikuwa akimcheka. "Nisikilize, lakini usinifuate."

Kusikiliza bila kufuata kulimshinda, basi akaunda kifaa kisichosikiliza.

Kwenye mazoezi ya kwanza fundi bomba alimuuliza, "Mhandisi, mbona simsikii dada Holo?"

"Ndiyo uzuri wake. Hakuna wa kukuvuta."

Fundi alikuna kichwa. "Sasa akichoka nitajuaje?"

Nyamizi alicheka tu. Baadaye angetoa chochote akirudishe kicheko kile.

Maana bendi ya Holo ilikuwa na desturi ya kupokeana. Kiongozi akichoka koo hasimami. Huuburuta mwisho wa mstari, na mwitikiaji anayemsikia huupokea wimbo mpaka mwenzake apumzike. Holo aliburuta. Aliburuta miezi miwili ya mazoezi, na wale vijana wakaendelea kuitikia, nyuso zikitabasamu. Akadhani wamemchoka kwa uzee wake. Akaona aibu kusema, akakaza koo. Nyamizi naye alikuwa mbele ya skrini za vipimo, akitafuta makosa ya waitikiaji, na hakuyaona.

Alasiri ile jukwaani, katika wimbo wa tatu, sauti ya Holo ilikatika. Alishika shingo, akainama, leso mdomoni ikawa nyekundu. Nyuma yake wale watatu, macho wameyafumba, waliendelea kuitikia bila kukosea hata noti moja. Watu walipiga kelele, wao wakadhani ni shangwe, wakaitikia, mpaka Nyamizi alipokimbia kuzima mtambo wa vinong'onezi.

Nyuzi za sauti zimechanika, daktari alisema. Hataimba tena.

Wiki tatu Nyamizi hakuwa na uso wa kwenda kwa dada yake. Alipokwenda, alimkuta jikoni anaosha vyombo, kibao cha kuandikia kando yake.

"Dada, nisamehe."

Holo alifuta mikono, akaandika: *Kwa nini hawakunipokea?*

Hapo ndipo Nyamizi alipotambua kwamba hakuna aliyemwambia Holo.

"Hawakukusikia, dada. Mimi ndiye niliyekutoa masikioni mwao. Niliulizwa utakapochoka itakuwaje, nikacheka. Nilijua, dada."

Holo alichukua sahani moja, akaisugua, akaiweka chini. Kisha akaandika: *Imba sauti ya pili.*

Nyamizi aliuimba wimbo wao wa jikoni, masikio matupu, machozi yakimtiririka. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Alingoja kuvutwa kama zamani. Alitamani sana avutwe, lakini hapakuwa na sauti ya kumvuta. Akaimaliza sauti ya pili yote, sawasawa, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Holo akamgeuzia mgongo, akaendelea kuosha sahani ileile.