Picha ya Mbwa wa Mawindo

Haya yalimpata Odera, rafiki yangu anayetengeneza fremu za picha Eastleigh. Usimtanie nayo, atakufukuza.

Mteja alimletea picha kuukuu kutoka Ulaya, ya karne ya kumi na saba, iliyochapwa kwa bamba la shaba: mbwa wa mawindo wamemzingira kulungu, ndimi nje. Odera akaifunika kwa kioo, akapigilia misumari, akaziba nyuma kwa karatasi na gundi.

Ilikuwa Ijumaa, saa ambayo maduka hufungwa watu waende swala.

"Odera, toka basi," Hirad, mwenye duka, alimwambia.

"Wewe nifungie tu. Namalizia kupaka vanishi."

Mlango wa chuma ukateremshwa, kufuli likalia kwa nje. Mara stima ikapotea. Gizani Odera akasikia kucha zikikwaruza sakafu, kisha mahemo, mengi, yakimzunguka. Akaupiga mlango kwa ngumi akiita. Nani amsikie? Wote walikuwa msikitini.

Hirad alipofungua, dukani hamkuwa na kitu kingine ila Odera, mgongo ukutani. Lakini kioo cha ile picha kilikuwa na ukungu wa pumzi, mbele ya mdomo wa kila mbwa. Odera akaufuta kwa kiganja.

Haukufutika. Ulikuwa upande wa ndani.