Maharage ya Malimbuko Chumbani kwa Evaristi

Ko, ko. Ufunguo uligonga kufuli gizani. Jogoo walikuwa hawajawika.

Odilia alitabasamu kitandani. Alijua ni mumewe, Evaristi, mzee wa kanisa hapa Nyakitonto. Kila alfajiri alikagua chumba cha nyuma. Humo alitunza maharage ya malimbuko, sadaka ya mavuno ya waumini. Mvua zikianza, wajane wangegawiwa yawe mbegu.

Na usiku huo mvua ilikuwa imenyesha!

"Mama Stanislaus, amka! Lete ungo!" Evaristi alimwita mkewe.

Odilia akaja mbio. Evaristi akafungua gunia. Vumbi likamrukia usoni. Maharage yalikuwa yametobolewa na wadudu.

"Yamebunguliwa!" Evaristi akaketi chini. "Sijala hata punje. Watu watasema nini? Na Niyomwungere, yule mjane wa bondeni, ameshalima. Atapanda nini?"

"Nilitaka tuyaanike, ukakataa," Odilia alisema kwa upole.

"Niliogopa. Wangeyaona uani kwangu, wangesema nimeyafanya yangu."

Kulipopambazuka, Odilia akamwita jirani yao Careen, anayewafundisha akina mama Biblia.

"Mwakeye, mzee," Careen alisalimu. Alichungulia gunia, asicheke. "Umelinda kufuli vizuri. Sadaka ndiyo imekosa wa kuitunza."

"Mungu ananiona, mwalimu."

"Anakuona. Lakini sisi je? Mfalme Hezekia alipoona chungu za sadaka, aliamuru vyumba vitayarishwe. Konania akawekwa kusimamia. Peke yake?"

"Sikumbuki."

"Ndugu yake Shimei alimsaidia, na wengine wengi. Wengine tena wakagawa kwa uaminifu, wakubwa kwa wadogo. Mwaminifu hafichi kazi yake, mzee. Huifanya mbele ya watu, asisingiziwe."

Evaristi akasimama. "Basi tuyatoe yote nje. Waite watu!"

Wakaja na nyungo zao. Mzee Venanti, mmoja wa waumini, alishika kiuno. "Kumbe wezi wana miguu sita!"

Ua mzima ukaangua kicheko, na Evaristi pia. Careen akamshikia ungo. Wakapepeta, wakachambua. Magunia ya chini yalikuwa na mazima mengi! Venanti akaenda kwake, akarudi na debe la mbegu.

"Nilikuwa nazo tangu mwanzo," alisema. "Sikujua sadaka inakwenda wapi. Leo nimeona."

Siku hiyohiyo wakakubaliana. Sadaka ya mavuno itakaa stoo ya kanisa. Mlango utakuwa na makufuli mawili, funguo kwa watu tofauti. Maharage yataanikwa hadharani hadi yakauke vizuri, yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Na kila Jumapili waumini wataambiwa kilichoingia na kilichotoka.

Jioni Evaristi, Odilia na Careen wakashuka bondeni kwa Niyomwungere. Alikuwa mlangoni, jembe mkononi.

"Mbegu, mama!" Evaristi aliita kutoka mbali. "Na wenzangu hawa ni mashahidi!"

Niyomwungere alipokea kwa mikono miwili. Akachota punje, akazigeuzageuza kiganjani. Hakuna hata moja iliyotoboka. Akapiga kigelegele.

"Kesho alfajiri napanda! Lakini msije wakati wa kutoa tu. Yakiiva, mje tena wote watatu, mle kwangu."