Ombi Lako Limepokelewa

"Madam, hizo slippers zilioana lini?"

Soko la mji wa Wote lilikuwa limefurika, lakini Mutindi alijua ni yeye anayeulizwa na yule muuza viatu. Alitazama miguu yake. Ndara ya kushoto nyekundu, ya kulia ya bluu. Juu alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi na hereni zinazometa; chini, leso iliyochujuka. Kazi yake ilikuwa kuwajibu wateja wa kampuni ya ng'ambo akiwa nyumbani, na kwenye kamera ya kompyuta kampuni ilimwona kifua na kichwa tu.

"Aki nilitoka mbio," alisema, akacheka hadi sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

"Naitwa Muli. Chukua viatu bure, bora kesho utoke tena nikuone navyo."

Akatoka kesho yake, na kesho kutwa. Viatu vya ngozi, rangi ya kahawa, vilimkaa barabara, na muuzaji naye akamkaa moyoni.

"Umelala aje, malaika?" Muli alikuwa akimpigia kila asubuhi.

"Nimelala wapi, nikikuwaza?"

"Enda huko! Danganya wengine!"

Kisha kazi ikaongezeka, Mutindi akaacha kutoka. Kitanda, jiko na kompyuta vyote vilikuwa katika chumba kimoja. Aliunguza sufuria. Alisoma ujumbe mmoja mara tatu asiambulie kitu. Aliamka amechoka. Mtu akijifungia hivyo, nawaambia, akili nayo hutanga-tanga kama kuku aliyekosa mlango.

Mchana mmoja Muli akapiga, Mutindi akaweka simu kwenye spika.

"Mutindi, nimeongea na wazee. Nataka kuleta mbuzi kwenu."

Mkamba haambiwi hayo mara mbili: mbuzi wakifika kwenu, umeposwa. Lakini Mutindi, macho kwenye kompyuta, alijibu kwa sauti tamu ya kazini: "Ombi lako limepokelewa. Asante kwa subira yako. Kuna lingine naweza kukusaidia?"

Simu ikakatwa. Muli aliona amechezewa shere, akafunga virago na kurudi kwao Kitui.

Simu ilipokatwa, Kavindu, jirani ya Mutindi aliyekuja kuomba chumvi, alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Wee Mutindi! Mtu anakuletea mbuzi, unamjibu kama customer?"

"Mbuzi gani?" Kisha maneno ya Muli yakamrudia, moja moja. Alipiga simu mpaka jioni ndipo Muli akashika.

"Hata mimi nimechoka kungoja kwa laini," Muli alisema.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nyumbani Kitui, huku Nzambani."

Asubuhi alivaa gauni la manjano na vile viatu, akaiacha kompyuta imezimwa. Alimkuta Muli chini ya jiwe la Nzambani, akataka kuomba msamaha, lakini macho yakapanda juu. Alizoea ukuta ulio karibu na pua yake. Sasa jiwe lilikuwa limeziba nusu ya mbingu, kubwa, limenyamaza, na tai akizunguka juu kabisa. Machozi yalimtoka asijue kwa nini.

"Na hili lilikuwa hapa siku zote?"

"Hapa hapa," Muli alisema, akalainika kidogo.

"Niulize tena, Muli. Akili yangu haikuwa nyumbani, na mimi nilikuwa nyumbani."

"Siulizi tena. Aibu moja inatosha."

Watu wa huko husema mwanamke akilizunguka jiwe hilo mara saba hugeuka mwanamume. Mutindi akajipangusa uso.

"Basi nitalizunguka. Nikiwa mwanamume, nitaleta mbuzi kwenu mwenyewe."

Muli akacheka. Mutindi akaanza kulizunguka, kiganja kikigusa jiwe lenye joto, upepo ukilipuliza gauni. Kila alipoinua macho alijiona mdogo, na udogo huo ulimtuliza. Mawazo yake yaliyokuwa yametapakaa yalikuja yakasimama mahali pamoja.

"Moja!" alipaza sauti akimpita Muli. Baadaye sana, akitweta: "Mbili!"

Hapo Muli hakucheka tena. Alizaliwa chini ya jiwe hilo, na kwake halikuwa la mzaha. Alimkimbilia, akamshika mkono.

"Simama, tafadhali! Nilete mbuzi?"

Mutindi alimtazama machoni, akatazama jiwe, akamrudia.

"Lete," alisema. "Leo nimekusikia."