Koti la Mwamuzi

Koti lilikuwa moja, na walioling'ang'ania walikuwa wawili. Soko la mitumba la Mpanda lilikuwa limefurika, muuzaji anapiga kelele juu ya meza, vumbi limetua kwenye nyusi za kila mtu.

"Kaka, achia," alisema Amira, binti mwenye baibui la kijivu na macho makali.

"Nimeliona mimi kwanza, dada."

"Wewe umeliona, mimi nimelishika."

"Unalipeleka wapi koti jeusi kwenye jua hili?"

"Na wewe je?"

"Mimi mwamuzi wa judo, bwana. Haya ndiyo tunavaa."

"Na mimi nataka kuwa mwamuzi wa judo. Achia kabla sijakupa adhabu!"

Yule kaka, Lukmani, alicheka, akavuta kwa utani, mshono wa bega ukafumuka. Aliona aibu, akaachia. Amira aliondoka na koti lake, akalishona mwenyewe.

Siku za kawaida Lukmani aliuza vipuri vya pikipiki, lakini ndiye aliyekuwa mkuu wa waamuzi wa judo mkoani. Amira alipojiunga na mafunzo, alimkuta kwenye ukumbi mmoja wa Nsemulwa, amesimama juu ya maturubai yaliyoshonwa na kujazwa pumba za mpunga kutoka Kibaoni. Alimfundisha pa kusimama, wakati wa kusimamisha pambano, na jinsi ya kuinua mkono bila kuutetemesha. Mapenzi yaliingia hapo katikati, na simu hazikuisha.

"Mwamuzi wangu, umeshalala?"

"Nimelala. Anayeongea ni mdogo wangu."

"Basi mwambie dada yako nampenda."

"Anasema amechoka kusikia. Rudia kidogo."

Kisha yakaja mashindano ya mkoa. Mwalimu Emerensiana, mkufunzi wa waamuzi, alitoka Dodoma kuchagua mwamuzi mmoja chipukizi wa kupelekwa kwenye kozi ya taifa, na alitaka kumwona Amira akichezesha fainali. Asubuhi Amira alichezesha nusu fainali. Kija, kijana wa Kibaoni, alimtupa mwenyeji chali, na Amira akainua mkono juu: ippon, ushindi wa moja kwa moja. Wenyeji wakazomea.

Mlangoni Lukmani aliwasikia vijana wakiapa kwamba mwamuzi atakayempa Kija ushindi tena atatoka amebebwa. Badala ya kumwambia Amira, au kuomba mgambo, alishika kipaza sauti. Hapo ndipo mtu mzima alipofanya upumbavu, na sitamtetea.

"Fainali nitachezesha mimi," alitangaza. "Mwamuzi hachezeshi ndugu yake, na Kija ni ndugu yake Amira."

Ukumbi ulilipuka. "Ndiyo maana alimbeba! Mwizi! Mvue koti!"

Mapumziko ya chakula yakaanza, na Amira alitoka kupitia mlango wa nyuma, koti begani. Simu ikaita.

"Mpenzi wangu, nisikilize. Walitaka kukupiga. Nimekukinga tu."

"Kija ni ndugu yangu tangu lini?"

"Si alipanga chumba kwenu?"

"Alipanga, akahama! Hivi uliona heri niitwe mwizi kuliko nirushiwe chupa? Nani atanikubali nimchezeshe mwanawe tena, Lukmani? Nani?"

"Nisamehe, mama. Nakuomba."

"Umenichafua kwenye kipaza sauti, halafu unaniomba radhi kwenye simu? Usinipigie mimi. Kipaza sauti unajua kilipo."

Akakata.

Lukmani aliitia simu mfukoni. Alijua akisema ukweli cheo kimekwenda, na watu wangemcheka hadi dukani kwake. Alirudi ndani, watu walipokwisha kukaa, akakishika kipaza sauti kile kile.

"Nilisema uongo," alisema. "Kija si ndugu yake Amira. Alipanga kwao, basi. Niliwaogopa nyie, nikamchafua mtu safi."

Walimzomea mpaka bati likaitikia. Mwalimu Emerensiana hakumtazama hata usoni. "Toka kwenye meza yangu. Kakae na watazamaji." Kisha akamgeukia Amira, aliyekuwa amerudi na kusimama kwenye mlango wa nyuma. "Amira, vua viatu, fainali ni yako."

Amira aliingia na soksi zake nyeusi, koti limefungwa vifungo vyote. Kija alikutana na Dieudonne wa Mishamo, kipenzi cha ukumbi mzima siku hiyo. Walivutana, wakasukumana, kisha Kija akageuza nyonga na Dieudonne akatua chali, pumba zikaruka kutoka kwenye mishono.

Ingekuwa rahisi kusita. Amira aliinua mkono juu, ukasimama wima. Ippon kwa Kija.

Chupa ya maji ilimpiga Amira begani, ikamlowesha koti. Lukmani aliinuka kuwakimbilia walioirusha. Amira alimnyooshea kiganja, ishara ile ile ya kusimamisha pambano, na Lukmani akakaa, meno yameumana. Dieudonne mwenyewe alimwinamia Kija, akamwinamia na mwamuzi. Kelele zikapungua. Mwalimu Emerensiana alitikisa kichwa kukubali, akaandika jina la Amira.

Nje, Lukmani alimkuta akikamua maji kwenye koti.

"Bado una hasira?"

"Nyingi. Na zitakaa sana, usizikimbize."

"Nitazivumilia. Amira, nilitaka niwatume wazee walete posa kwenu."

Amira alimtazama kama anayetafuta kosa.

"Baba kashasikia sokoni kwamba bintiye anapendelea ndugu. Hao wazee watatanguliaje? Uje wewe kwanza. Utaanza na uongo wako, kwa sauti, majirani wasikie. Ukimaliza, ndiyo utaje posa."

"Nitakuja kesho."

"Uje."

Lukmani alinyoosha mkono ambebee koti. Amira alilivaa, likiwa bichi vile vile, akampa vile viatu alivyovua.

"Shika hivi," alisema. "Koti langu nalivaa mwenyewe."