Meza Isiyo na Skrubu

“Hati ya nyumba ina jina la nani?” mwanasheria aliuliza, akifungua faili la talaka.

“La mume wangu peke yake,” Mama Pacha akajibu, akainamisha macho kana kwamba kosa ni lake.

Mwanasheria alimtoa hofu. Nyumba wameijenga wakiwa kwenye ndoa, kwa hiyo mahakama ingetazama jasho la wote wawili, pamoja na kushona, kupika na kulea. Ila kuhusu mkopo wa mume, lazima wangeulizwa pesa zililisha familia au zilikwenda kwingine.

“Zilikwenda kwa shemeji yangu, afungue duka la vipuri. Duka limekufa na simu hapokei.”

“Wewe ulisaini?”

“Nisaini wapi, dada? Nilijua siku benki walipobandika notisi getini. Wateja wangu waliisoma kabla yangu.”

Wakashauriana nyumba iuzwe, deni lilipwe, kitakachobaki wagawane. Vitendea kazi, kila mtu abebe vyake. Baba Pacha alipopigiwa simu alikubali yote bila ubishi, na kukubali kule ndiko kulikomchoma mkewe kuliko matusi.

Mama Pacha alipata chumba kidogo cha kupanga, akahamisha cherehani na vitambaa. Ikabaki meza ya kukatia nguo kule nyumbani, kwenye chumba cha kushonea. Akamtumia mumewe ujumbe:

“Jumamosi njoo utoe meza yangu. Haipiti mlangoni.”

Jibu likarudi: “Nitakuja na msumeno, ikibidi.”

Meza hiyo Baba Pacha aliijengea humo humo chumbani mwaka waliohamia, pana kiasi cha kutandaza gauni zima la bibi harusi. Alikuwa seremala, na wateja walimbandika jina Fungua-Funga, maana kila kitanda na kila kabati lake lilifunguliwa skrubu, likapakiwa, likafungwa kwingine. Alikuwa akisema binadamu ni mpangaji, hajui kesho atahamia wapi.

Jumamosi alikuja, amekonda, shati halijapigwa pasi. Pacha walikuwa kwa bibi yao.

“Unalala wapi siku hizi?”

“Karakana.”

“Na mbu wote wale?”

“Wamenizoea. Hawaumi tena, wanasalimia tu.”

Mama Pacha alikaribia kucheka, akajizuia. Akampa bisibisi. Mume akaingia chini ya meza, akapapasa pembe zote nne, kisha akazirudia tena.

“Vipi, zimeshika kutu?”

“Hazipo.”

“Hazipo vipi?”

“Sikuweka skrubu. Nilichonga ndimi za mbao nikazipiga gundi. Hii haifunguki.”

“Wewe? Fungua-Funga mzima?”

“Sikuwaza kwamba kuna siku itatoka humu.”

Akajitoa chini ya meza, akashika msumeno, akauweka juu ya ubao. Mkono haukusogea.

“Kata basi,” mkewe akasema.

“Siwezi, Mama Pacha.”

Wakakaa, kila mtu upande wake wa meza. Hapo ndipo Mama Pacha alipomuuliza mumewe swali ambalo hakuwahi kumuuliza tangu siku ya notisi.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungekataa.”

“Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana mtu anaulizwa.”

Mume akatikisa kichwa taratibu. Akaeleza kwamba ameuza mashine yake ya randa, na pesa ameshapeleka benki. Watu wa benki walikuwa tayari kurefusha muda wa kulipa, ila walitaka mke naye aje, na yeye alishindwa kumwomba.

“Yaani ulikubali nyumba iuzwe kwa sababu uliona aibu kuniomba?”

“Nilikukosea. Niliona sina haki ya kubisha.” Akafuta vumbi la mbao mikononi. “Tuachane, tusiachane, jina lako litaingia kwenye hati. Hilo nitalifanya.”

Mama Pacha akapitisha kiganja juu ya meza, palipokuwa na michoro ya chaki ya miaka yote ile. Hakumwambia amemsamehe, maana alikuwa bado hajamsamehe. Akachukua simu, akamwandikia mwanasheria: “Dada, naomba faili langu lisimame.”

“Lisimame au lifungwe?” mwanasheria akauliza kwa ujumbe.

Akamtazama mumewe aliyekuwa anaurudisha msumeno kwenye mfuko wake wa gunia.

“Lisimame,” akaandika. “Jumatatu tunakwenda benki wawili. Nikiliona jina langu kwenye hati, nitakuja mwenyewe kulifunga.”

Akaweka simu mezani.

“Lete hilo shati,” akamwambia mumewe. “Pasi sijaihamisha.”